MREJESHO: Ubao wa kwanza wa mawimbi kwa mtu wa kilo 108

Wakuu, habari za siku. Mtakumbuka niliuliza hapa: nina urefu wa mita 1.93, kilo 108, naishi Cape Town, nataka kujifunza kuteleza mawimbini. Ninunue ubao mtumba wa faiba wa futi 7, au ule wa sponji wa futi 9? Wengi mlisema futi 9. Mimi, kichwa ngumu, nikauona mkubwa kama mlango wa godauni.

Basi nikakodi wa futi 7 kwanza, pale ufukwe wa Muizenberg. Aibu tupu. Nikilala juu yake unazama mpaka maji yanafika kifuani, napiga mikono weee, wimbi linanipita huku watoto wa miaka minane wananiacha. Ujazo wake, ndio unaoonyesha ubao unaelea kiasi gani, ulikuwa lita 45 tu.

Wiki iliyofuata nikachukua wa sponji: futi 9, upana inchi 24, unene inchi tatu na nusu, lita kama 87. Hapo nikaelewa mliposema niangalie lita kabla ya urefu. Unaelea na mimi juu, unalidaka wimbi mapema, nami napata muda wa kuinuka. Siku ya tatu nilisimama, labda sekunde nne!

Nimeununua, pamoja na kamba nene ya kuufunga mguuni usinikimbie, yenye urefu wa futi 9. Shida iliyobaki ni kuubeba: upepo ukivuma unanizungusha kama tanga, na kwenye gari hauingii kabisa. Aliyenishauri kununua mikanda ya kufungia juu ya paa, ahsante sana mkuu.