Naomba ushauri: miradi ya teknolojia kwa darasa la sita, wanafunzi 48 na kompyuta 6

ChakiNaKipanya (mwanzisha uzi)

Ndugu walimu wenzangu, salaam. Ninafundisha darasa la sita lenye wanafunzi 48, na muhula huu nimekabidhiwa pia kipindi cha teknolojia, dakika 80 kwa wiki, katika chumba chenye kompyuta 6 na intaneti inayokuja na kukatika. Kwa mradi wa kwanza nilichagua kuwafundisha kutunga hadithi yenye wahusika wanaotembea na kuzungumza kwa kutumia Scratch, programu iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007 kwa ajili hasa ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Nilijiandaa vya kutosha, nikaweka wanafunzi wanane kwenye kila kompyuta, na ilipofika wiki ya tatu nilikuwa na hadithi sita nzuri zilizotungwa na watoto sita. Wale 42 waliobaki walikuwa wamesimama nyuma ya viti.

Kilichoniuma zaidi ni jibu la msichana mmoja, hodari sana wa hisabati, ambaye nilimwuliza amefanya sehemu gani ya mradi akaniambia kwamba yeye alikuwa akimshikia mwenzake daftari.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, ni kazi zipi za teknolojia ambazo wanafunzi wa umri huu wanaweza kuzifanya bila kompyuta, zikawa kazi za kweli na si za kuwapotezea muda wakisubiri zamu? Pili, nizigawe vipi dakika hizo 80 ili kila mtoto ashike kipanya kwa mkono wake?

KalamuYaRisasi

Pole, mwalimu mwenzangu. Yaliyokupata yamewapata wengi wetu, na kosa si la watoto, kwa kuwa kipanya ni kimoja na mwenye kasi ndiye anayekiwahi. Mimi ningekushauri uzime kompyuta zote kwa wiki mbili.

Wiki ya kwanza waambie wakupe maagizo ya kuchora nyumba ubaoni, nawe uyatii kama yalivyoandikwa bila kuongeza akili yako hata chembe. Nilipofanya hivyo, kundi moja liliandika: "Chora mraba. Chora pembetatu juu ya mraba." Nikachora mraba, kisha nikaichora pembetatu juu yake kwelikweli, mistari yake ikipita katikati ya ule mraba. Darasa zima likapiga kelele kwamba juu si hapo. Nikawauliza, "Neno gani katika maagizo yenu limenizuia kuichora hapa?" Wakanyamaza, wakayarudia maagizo yao mara nne, na mwishowe wakapata sentensi hii: "Upande wa chini wa pembetatu uwe ndio upande wa juu wa mraba." Hiyo ndiyo kazi ya mtunga programu, na kila mtoto aliifanya akiwa na kalamu ya risasi tu.

Wiki ya pili watoke nje wakatembee maumbo. Mmoja anakuwa roboti, mwenzake anasoma maagizo, wa tatu anaandika kilichotokea. Mraba hauwasumbui: nenda hatua tano, geuka nyuzi 90, rudia mara nne. Kazi iko kwenye pembetatu yenye pande sawa. Takriban watoto wote huandika nyuzi 60, kwa sababu walishafundishwa kwamba kila pembe ya ndani ya umbo hilo ni nyuzi 60, na roboti wao anaishia kutembea nusu ya pembesita. Usiwaambie jibu. Waache wasimame pale kwenye kona, waangalie walikokuwa wameelekea na wanakotaka kuelekea, hadi mmoja agundue kwamba mwili unazunguka nyuzi 120, na kwamba anayelizunguka umbo lolote la namna hiyo hadi akarudi alikoanzia anakuwa amegeuka nyuzi 360 kamili. Wazo hili la kumfundisha mtoto jiometri kwa kutembea ni la tangu lugha ya kompyuta iitwayo Logo, iliyoanza mwaka 1967, ambayo baadaye iliwapa watoto kobe wa kumwamuru achore. Ukizirudisha kompyuta wiki ya tatu, kalamu ya Scratch inachora maumbo hayohayo, na kila mtoto anafika akiwa na maagizo yake mkononi.

BetriMbili

Nakubaliana na KalamuYaRisasi. Kuhusu muda, wagawe makundi manne ya watoto 12, na kila kipindi ukigawe sehemu mbili za dakika 40. Katika kila sehemu kundi moja tu linakaa kwenye kompyuta, watoto wawili kwa mashine, mmoja akiwa dereva na mwenzake mwongozaji. Dereva habofyi kitu ambacho hakuambiwa, na mwongozaji hagusi kipanya hata kama mkono unamwasha. Kila baada ya dakika kumi wabadilishane. Kwa hesabu hiyo kila mtoto anapata kompyuta mara moja katika wiki mbili, na anakuwa dereva kwa dakika 20 kamili, muda ambao wale 42 wako hawajawahi kuupata.

Makundi mengine yafanye saketi. Betri mbili za volti 1.5 zilizounganishwa kwa mfululizo zinatoa volti 3, zinazotosha kuwasha taa ndogo nyekundu ya LED, na vipande vyembamba vya karatasi ya alumini vilivyogandishwa kwenye kadi vinakuwa nyaya. Mguu mrefu wa taa unaelekea upande chanya. Ukigeuzwa, taa haiwaki, na hapo ndipo somo linapoanza. Nakusihi jambo moja kwa msisitizo: usitumie zile betri bapa za mviringo zinazofanana na vifungo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Tumia betri za kawaida za tochi ndani ya kishikizi chake, nazo uzihesabu unapozigawa na unapozikusanya.

KopoLaMvua

Naongeza mradi mmoja unaodumu muhula mzima. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na majengo, na wanafunzi wapime kwa rula kina cha maji kila siku saa ileile, kwa milimita, kisha wakimwage. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo paa linalofunika eneo la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 linapokea lita 1,600. Wanafunzi wangu hawakuniamini hadi walipoikokotoa wenyewe.

Zamu ya kompyuta inapofika, wanaingiza vipimo kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta la kupangia namba, na kuchora grafu. Siku moja nguzo moja ya grafu ilipaa hadi juu kabisa huku nyingine zote zikilala chini kama nyasi. Walidhani ni mvua kubwa, wakafungua daftari, wakakuta 12 imeandikwa 120. Tangu siku hiyo hawaingizi namba kabla mtu wa pili hajaisoma kwa sauti. Mradi huu hauhitaji intaneti hata kidogo.

MkutubiWaShule

Naomba nitofautiane kidogo na ushauri wa kuzima kompyuta kwa wiki mbili. Watoto ambao nyumbani hawana kompyuta wanahitaji kuzoea kibodi na kipanya mapema, la sivyo dakika zao 20 za udereva zitaishia kutafuta herufi. Wape hao wiki moja ya kufungua faili, kuandika majina yao na kuhifadhi, kabla ya mengine yote. Pia Scratch ina toleo linalosakinishwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti, wala halidai akaunti, hivyo hutalazimika kuweka majina wala picha za watoto mtandaoni.

KalamuYaRisasi

MkutubiWaShule amesema kweli kuhusu kibodi, nami nakubali kurekebishwa. Wale ambao hawajawahi kuishika waanze nayo wiki ya kwanza, wenzao wakiandika maagizo ya nyumba.

ChakiNaKipanya (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote. Leo ni wiki ya tano tangu nifuate ushauri wenu, na ninaona ni haki niwaletee matokeo.

Ubadilishanaji wa dereva na mwongozaji ulikuwa mgumu wiki ya kwanza, kwa kuwa wale waliozoea kushika kipanya walikuwa wakinyoosha mkono bila kujua. Niliwaagiza waongozaji washike karatasi ya maagizo kwa mikono miwili, na tatizo likapungua sana. Saketi tumezifanya kwa betri za tochi. Taa saba hazikuwaka, na kundi moja liliorodhesha sababu zake: nne zilikuwa zimegeuzwa, mbili alumini ilikuwa imechanika kwenye kona ya kadi, na moja sababu yake wanaendelea kuitafuta.

Yule msichana wa daftari ndiye aliyefikia nyuzi 120 kabla ya wenzake. Alisimama kwenye kona ya umbo, akazunguka polepole mara tatu, kisha akaniuliza kama pembetano itahitaji 72. Nilimwambia akajaribu. Sasa anataka kujua itakuwaje akigawanya 360 kwa 7, kwa kuwa haigawanyiki sawasawa, na kama kompyuta itakubali namba yenye desimali. Zamu yake ni Jumatano. Kama kuna aliyewahi kuwapeleka watoto kutoka kwenye maumbo haya hadi kwenye duara, naomba anieleze alianzia na pande ngapi.

KalamuYaRisasi

Mwache afanye hiyo ya pande saba kwanza, kisha mpe 36 kwa hatua fupi. Usimwambie atapata umbo gani.