Pampu inayojiwasha yenyewe, maji ya chumvi: naomba ushauri

Wakuu, pampu ya kisima inayowaka kila bomba likifunguliwa ina raha yake, ila inaficha uvujaji. Tangi la choo likipitisha maji kidogo tu, au vali ya kuzuia maji yasirudi ikiliwa na chumvi ya huku Bagamoyo, pampu huwaka na kuzima usiku kucha. Mota inachemka, swichi ya presha inaungua, uniti za LUKU zinakwisha watu wamelala.

Hewa ya tangi la presha nimepima likiwa tupu: bar 1.2, na pampu inawaka kwenye 1.4. Hewa iko chini kidogo ya presha ya kuwasha, kwa hiyo hapo pako sawa.

Wenye visima karibu na bahari, vali ipi inadumu, ya plastiki au ya stenlesi? Au nirudi kwenye tangi la juu lenye boya?