Tupeane uzoefu: ndege gani wa maji alikugandisha wangwani (kwenye tope la pwani maji yakikupwa) ukasahau muda?

Wakuu, naanza mimi. Yangeyange mdogo, yule mweupe mwenye miguu myeusi na vidole vya njano. Nilimkuta kwenye maji ya kifundoni, mguu mmoja umetulia, mwingine unatetemeka kama umeshikwa na ganzi. Nikamhurumia, nikajua anaumwa. Kumbe anatibua tope! Kamba na vidagaa wakishtuka tu, mdomo umeshafika. Kwa dakika kumi alidonoa mara saba, akameza mara mbili. Kazi ngumu ile.

mzee_wa_kupwa: Mnandi. Juu ya nguzo, mabawa wazi kama shati kambani. Manyoya yake hulowa kuliko ya bata, ndiyo maana huzama kirahisi, ila akitoka lazima ajianike.

miguu_tope: Mimi nina aibu yangu. Nilifika maji yamekupwa kabisa, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wako mbali kama vumbi. Nikawafuata wima wima, shati jeupe. Wakaruka wote kwa mpigo, na sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, akapiga mluzi wa kunishtaki. Sikuhizi nafika masaa mawili kabla ya maji kujaa, nakaa chini, basi. Maji yenyewe yanawasogeza. Siku ya bamvua, maji yakijaa sana, walinikaribia hadi nikamwona mmoja akivuta mwata, ule mnyoo wa pwani, kwenye mchanga. Ulirefuka, ukarefuka, yeye akalegeza kidogo ili usikatike, akavuta tena.

darubini_mbovu: Shakwe ni jambazi. Buabua kapiga mbizi, katoka na samaki, shakwe kamkimbiza angani mpaka kaachia. Samaki hakufika hata majini.

kiguu_njia: Hamjaona yangeyange mweusi nyie. Anakunja mabawa mbele hadi yanakutana, kichwa kinapotelea ndani, anabaki mwavuli uliosimama majini. Wanasema samaki hukimbilia kivuli, na mwenyewe huona vizuri bila mng'ao wa jua. Mara ya kwanza nilidhani ni mfuko wa plastiki, nikampita.

mleta mada: 😂 Mfuko tena! Huo mwavuli anaukaa muda gani, mkuu?

kiguu_njia: Sekunde mbili tatu. Anafunga, hatua mbili, anafungua tena. Nilichoka kuhesabu, yeye bado anaendelea.