Tanuru ndogo ya fedha haifikii joto

Swali: Ndugu masonara, tanuru yangu ya mkaa, niliyoijenga kwa matofali ya kawaida, inaishia kwenye wekundu hafifu na mabaki ya fedha hayayeyuki. Nirekebishe nini?

Jibu la kwanza: Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, hivyo wekundu hafifu hautoshi. Jenga upya kuta za ndani kwa matofali ya kuhimili moto, weka mfuniko wenye tundu, na upepo wa feni uingie chini kabisa kupitia bomba la chuma.

Jibu la pili: Fedha iliyoyeyuka hunyonya oksijeni, kisha huitema kwa kurusha matone inapoganda, hivyo ifunike kwa unga wa mkaa.

Muulizaji: Asanteni sana. Je, niitakase fedha kwa madini ya risasi?

Aliyejibu kwanza: Nyumbani usithubutu, ndugu yangu, mvuke wa risasi ni sumu, hasa kwa watoto.