Calestous Juma na GMO: refa au mchezaji?

Mwanzisha mada: Wakuu, GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba) ikizungumzwa hapa Kenya, jina la marehemu Profesa Calestous Juma halikosi. Mtoto wa Budalangi, mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, mwandishi wa sayansi wa Daily Nation, uzamivu Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akaanzisha ACTS, kituo cha utafiti wa sera za teknolojia, Nairobi 1988, mwishowe Harvard. Hakuwa mtu wa maabara. Yeye aliuliza teknolojia mpya inamfaidi nani na kwa nini watu huikataa. Kitabu chake cha 2016 kinaonyesha hata kahawa na barafu ya mashine zilivyopigwa vita.

Kinachonikera ni hiki. Mwaka 2014 aliandika makala ya kutetea GMO. Mwaka uliofuata gazeti la Marekani la Boston Globe likafichua kwamba Monsanto, kampuni ya kuuza mbegu za GMO, ndiyo iliyompendekezea mada kwa barua pepe, na msomaji hakuambiwa. Akajitetea kwamba hakulipwa. Namwamini. Lakini refa anayepiga gumzo na kocha wa timu moja kabla ya mechi, hata bila kuhongwa, utamkubalia penalti?

Mkulima, Trans Nzoia: Ndugu, hayo ya refa ni ya watu wa mjini. Jana nimepasua bua la hindi, bungua kanona humo, kaacha unga kama wa msumeno. Mdudu huyo ndiye mahindi ya GMO yametengenezwa kumzuia. Marufuku ya GMO ya 2012 ilikuja baada ya utafiti kutoka Ufaransa uliodai mahindi ya GMO yaliwadhuru panya. Mwaka 2013 jarida lenyewe likauondoa, marufuku ikakaa hadi Oktoba 2022! Na msituambie eti GMO itatufunga kununua mbegu kila msimu. Mbegu chotara za kawaida tunanunua kila msimu tangu enzi za baba.

Mchangiaji, Machakos: Mzee, shikamoo. Marufuku iliwekwa na baraza la mawaziri, ikaondolewa na baraza la mawaziri. Wewe uliulizwa lini? Ndiyo maana watu walikwenda kortini, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha GMO tena. Mtafiti wa jamii kama Juma alitakiwa akae hapo katikati, kati ya waziri na shamba lako.

Mwanzisha mada: Mkulima, nijibu moja. Juu ya ile makala kungeandikwa "mada imependekezwa na muuza mbegu", ungeisoma?

Mkulima, Trans Nzoia: Ningeisoma. Ila ningeulizia kwanza bei ya mbegu yake.