Tupeane uzoefu: Uliyefika Berlin, tuambie ulichokiona na ulichojifunza

Mwenyeji wa Wedding (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Berlin, mtaa wa Wedding, na kila kiangazi napokea wageni kutoka nyumbani: ndugu, rafiki wa ndugu, mtu aliyekuja semina akabakiwa na siku mbili. Wengi wanaondoka na picha ya Lango la Brandenburg, basi. Wamepita hatua chache tu kutoka mahali bara letu lilipogawanywa na hakuna aliyewaonyesha. Inaniuma. Mliowahi kufika, semeni yaliyowakuta. Naanza mimi.

Usafiri kwanza, maana ndiko hela inakopotelea. Nauli zimegawanywa kanda A, B na C. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C, hivyo ukitua kata tiketi ya ABC. Ukishakuwa mjini, AB inatosha. Vituo vya treni havina mageti, unapita tu, na hapo ndipo mgeni anaponaswa. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine cha kituoni kabla hujapanda. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na faini ni yuro 60. Kusema hukujua hakukusaidii. Tena ile ya safari moja inadumu saa mbili, ni ya kwenda, usirudie nayo.

Siku ya kwanza usilipie basi la watalii. Panda basi namba 100 pale kituo cha Zoo, la ghorofa, kaa juu mbele. Linakatiza bustani kubwa ya Tiergarten, linapita ikulu ya Bellevue na jengo la Bunge, kisha barabara ya Unter den Linden hadi Alexanderplatz, kwa tiketi ileile ya kawaida. Kupanda kwenye kuba la kioo la Bunge ni bure, ila ujiandikishe mtandaoni mapema na uje na pasipoti.

Mama Kimara

Mimi la Jumapili ndilo lililonifunza. Tulifika Jumamosi usiku na mtoto wa miaka miwili, nikasema asubuhi nitanunua maziwa na nepi. Asubuhi mtaa mzima kimya, maduka yamefungwa kama sikukuu. Kumbe Jumapili supamaketi karibu zote hazifunguliwi, ni sheria. Mama mmoja wa jirani, Mturuki, aliponiona nahangaika mlangoni alinielekeza niende kituo kikuu cha treni, Hauptbahnhof, kule maduka yanafunguliwa. Alinichorea na kiramani kwenye bahasha. Mwenyezi Mungu amzidishie. Vile viduka vidogo vya mtaani wanavyoviita Späti navyo husaidia, ila usitegemee nepi.

Jingine: chupa za plastiki na makopo msitupe. Nyingi umeziwekea amana ya senti 25 ulipolipa, unazirudisha kwenye mashine ya supamaketi na kurudishiwa pesa yako. Mimi nilizitupa wiki nzima. Maji ya bomba ni salama kabisa, jaza chupa yako ukatembee.

Kijana wa Kisumu

Mimi nilimtembelea dada yangu mwezi wa Januari. Wenzangu, kama una uhuru wa kuchagua, njoo kati ya Mei na Septemba. Januari saa kumi jioni kumeshaanza giza, na baridi ile inaingia kwenye magoti. Koti zito, soksi za sufu, viatu visivyoingiza maji, usifikirie fasheni. Pia angalia unapokanyaga: kwenye njia za miguu kuna kipande cha baiskeli, na wale hawapunguzi mwendo.

Lakini kuna mahali nilisahau baridi. Bernauer Straße. Watu wengi hukimbilia East Side Gallery, ule ukuta wenye michoro wa zaidi ya kilomita moja, na ni mzuri kwa picha. Bernauer ndipo utaelewa. Ukuta uliotenganisha Berlin Mashariki na Magharibi ulianza kujengwa 13 Agosti 1961 na ulifunguka 9 Novemba 1989. Miaka 28 mtu hawezi kuvuka barabara akamsalimie mamake. Pale wameacha kipande kama kilivyokuwa, na mnara wa mlinzi, na ule uwanja mtupu wa katikati ambapo watu walipigwa risasi. Kulikuwa na kanisa ndani ya eneo hilo, serikali ya Mashariki ikalilipua mwaka 1985. Baada ya ukuta kuanguka watu walijenga kikanisa kidogo mahali palepale, na kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochanganywa na vifusi vya kanisa lililobomolewa. Nilizigusa, nikakumbuka nyumba ya nyanya yangu. Nilikaa humo karibu saa nzima. Kiingilio hakuna.

Ngosha77

Wakuu, nina siku tatu mwezi ujao. Makumbusho ya Pergamon vipi?

Mwenyeji wa Wedding

Usipange kwa ajili yake mkuu. Lilifungwa lote Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa, na sehemu yake tu ndiyo imepangwa kufunguliwa 2027. Siku hiyo nenda Invalidenstraße, makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Ila si Jumatatu, wanafunga.

Mmwera

Hapo Invalidenstraße naomba niseme kidogo, maana kwetu ni Lindi.

Ukiingia tu ukumbi wa kwanza unakutana na mifupa ya dinosaria yenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Ilitoka Tendaguru, huko kwetu Lindi. Wajerumani walichimba pale tangu 1909 hadi 1913, na wachimbaji walikuwa watu wetu, mamia, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Gari hakuna, punda hakuna. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, safari maelfu, ikapakiwa melini. Na angalieni miaka: Maji Maji ilikuwa imezimwa 1907. Waliobeba ni watu waliotoka kuona njaa na vijiji kuchomwa moto.

Nilisimama chini ya ile shingo na watoto wa shule wa Kijerumani wakishangilia pembeni yangu. Nilifurahi kwamba kitu kikubwa namna ile kimetoka ardhi ya kwetu, na nililia pia. Ushauri wangu: nendeni asubuhi mlango ukifunguliwa, kabla ya makundi ya shule. Na mkiwa na watoto, watajieni jina la Boheti palepale.

Bi Forodhani

Kwa sisi tunaoangalia halali: Neukölln, barabara ya Sonnenallee, vyakula vya Waarabu mwanzo mwisho, na mkate wa moto. Soko la Waturuki ukingoni mwa mfereji, Maybachufer, ni Jumanne na Ijumaa. Utapata bamia, giligilani, hata vitambaa. Soseji za mitaani nyingi ni nguruwe, ulizeni "Schwein?" kabla ya kulipa. Na tembeeni na pesa taslimu, si kila duka linapokea kadi.

Mwenyeji wa Wedding

Ahsanteni. Sasa yale niliyosema hamwonyeshwi.

Wilhelmstraße, karibu na Lango: hapo ndipo mkutano wa Bismarck wa kuigawa Afrika ulipokaa, 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Nyumba haipo tena, kuna bango la kumbukumbu. Kisha panda treni ya U6 hadi kituo cha Afrikanische Straße, mtaani kwetu. Utakuta Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Kulikuwa na barabara iliyopewa jina kwa heshima ya Carl Peters, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Wakazi wamepigania miaka mingi, na Agosti 2024 sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee. Nilikuwepo siku hiyo.

Na Brunnenstraße 193, karibu na kituo cha Rosenthaler Platz. Chini kwenye njia ya miguu kuna kijiwe cha shaba cha kumkumbuka Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari wa Wajerumani bado mtoto pamoja na baba yake, akaja Berlin 1929 kudai mishahara yao, akanyimwa. Alibaki, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko 24 Novemba 1944.

Ngosha77

Wakuu, nimerudi jana. Tiketi niligonga kila safari. Kutoka Bernauer nilitembea kwa miguu kuteremka Brunnenstraße hadi 193. Kijiwe kidogo, ungeweza kukikanyaga. Kilikuwa na tope la mvua, nikakifuta kwa leso mpaka herufi zikang'aa, nikamsomea Fatiha. Bibi mmoja wa Kijerumani alisimama na mbwa wake akasubiri nimalize, kisha akaniuliza huyu alikuwa nani. Nikamwambia ni wa kwetu.