Red Sox 2011: Francona alionewa au alistahili kuondoka?

Mtoa mada

Wakuu, kila Septemba ikifika mjadala huu unafufuka. Kuna timu ya besiboli inakuwa juu miezi mitano, inaanguka mwezi wa mwisho, na wa kwanza kutolewa kafara ni kocha mkuu, yule ambaye Wamarekani humwita meneja. Nauweka mezani kwa mfano wa Boston Red Sox 2011 na Terry Francona.

Kwa asiyekumbuka: Agosti inaisha walikuwa wameshinda 83 na kupoteza 52. Mapema Septemba waliwaacha Tampa Bay Rays kwa michezo 9 katika mbio za ile nafasi moja ya ziada ya kuingia mtoano. Mwezi huo wakashinda 7, wakapoteza 20, na hawakushinda mara mbili mfululizo hata siku moja. Usiku wa Septemba 28 wako Baltimore, wanaongoza 3-2 kipindi cha 9, yaani cha mwisho, wapigaji wawili wameshatolewa na amebaki mmoja tu, vituo vitupu, anayemrushia mpigaji mpira ni Jonathan Papelbon. Msimu mzima walikuwa wameongoza michezo 77 baada ya vipindi 8 na kuishinda yote. Wakalala 4-3 kwa wenyeji Orioles, timu iliyoshika mkia kwenye kundi lao. Dakika chache baadaye Rays, waliokuwa nyuma 7-0 dhidi ya Yankees, wakamaliza 8-7 baada ya Evan Longoria kuupeleka mpira nje ya uwanja. Siku mbili mbele Francona hana kazi.

Msimamo wangu ni kwamba alionewa. Warushaji wawili hawakuwepo: Clay Buchholz alikuwa nje tangu Juni kwa mgongo, Daisuke Matsuzaka amefanyiwa upasuaji wa kiwiko. Zamu zao zikaangukia kwa Tim Wakefield, mwenye miaka 45, na kijana mgeni Kyle Weiland. Warushaji wa kuanza Septemba ile waliruhusu wastani wa zaidi ya mikimbio (pointi) 7 kwa kila vipindi 9. Sasa kocha hapo afanye nini, apande kwenye kilima cha mrushaji arushe mwenyewe?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka kuku na bia. Habari zilipotoka Oktoba, ikaonekana Josh Beckett, Jon Lester na John Lackey, siku ambazo si zamu yao, walikuwa chumbani wanakunywa bia na kula kuku wa kukaanga huku wenzao wako uwanjani. Hao ndio waliokuwa warushaji wakubwa wa timu! Buchholz aliumia, sawa, lakini nani aliyewaacha hawa wajiachie? Kocha wa mwaka wa nane, mwenye makombe mawili, 2004 na 2007, anakosaje ubavu wa kuingia chumbani na kusema basi? Mwenyewe alipoondoka alisema wachezaji wanahitaji sauti mpya. Akikiri mhusika, sisi tunambishia nini?

Mchangiaji wa pili

Niko Massachusetts, na mwaka ule hapa watu hawakulala. Tusisahau nani anasajili. Kocha hatii saini mkataba wa mtu. Carl Crawford alipewa dola milioni 142 kwa miaka 7 na uongozi, si na Francona, na ndiye aliyeushindwa ule mpira wa mwisho kule Baltimore. Lackey alirusha msimu mzima na kiwiko kibovu, akaja kupasuliwa baada ya msimu. Mwenye fungu la usajili, Theo Epstein, akahamia Chicago Cubs kwa cheo kikubwa zaidi.

Kilichoniudhi zaidi ni kuwa kocha alipokwisha kuondoka, watu wa ndani wasiotaka kutajwa waliliambia gazeti habari za ndoa yake na dawa za maumivu alizokuwa akitumia. Alikanusha kuwa vilimwathiri kazini. Uongozi wenye hoja za mchezo hauhitaji kufika chumbani kwa mtu.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mnatazama Boston tu. Usiku uleule, kwenye ligi ya pili, Atlanta Braves nao walikufa. Walianza Septemba wakiwazidi St. Louis Cardinals kwa michezo 8 na nusu katika mbio za nafasi ya ziada ya huko, wakapitwa kwa mchezo mmoja. Kocha wao Fredi González alibaki, akafukuzwa kocha wa wapigaji.

Na hapo ndipo penye lawama halali ya kocha. González alikuwa na vijana watatu wa kumalizia mchezo: Jonny Venters michezo 85, Craig Kimbrel 79, Eric O'Flaherty 78. Hakuna mwenye kumiliki timu aliyempigia simu kumwambia amwingize Venters mara 85. Kila jioni ulikuwa uamuzi wake. Siku ya mwisho Kimbrel, chipukizi aliyekuwa moto mwaka mzima, alishindwa kulinda 3-2 kipindi cha 9, na wapinzani wao Phillies wakashinda kipindi cha 13, cha nyongeza. Mikono ilikuwa imechoka. Cardinals waliingia kwa nafasi hiyo, wakachukua ubingwa.

Mchangiaji wa nne

Hilo ni la zamani. Gene Mauch, kocha wa Phillies 1964: anaongoza kwa michezo 6 na nusu, imebaki 12. Akapaniki, akawa anawarudisha Jim Bunning na Chris Short baada ya mapumziko ya siku mbili. Wakapoteza 10 mfululizo. Naye hakufukuzwa, alikaa hadi 1968. Hizi kazi zina bahati yake.

Mtoa mada

Asante mchangiaji wa tatu, umenisaidia. Kipimo changu ndicho hicho: kocha abebe yale yaliyo mkononi mwake, yaani nani anarusha, lini, na kwa mapumziko gani. Kwa kipimo hicho González ana kesi kubwa kuliko Francona, na aliyepoteza kazi ni Francona.

Na ya nidhamu, Boston walimleta kocha Bobby Valentine 2012 akaze kamba. Matokeo: ushindi 69, kupoteza 93. Francona akaenda Cleveland 2013, mwaka wa kwanza tu akapewa tuzo ya kocha bora wa ligi yake.

Mchangiaji wa kwanza

Valentine kuboronga hakumsafishi Francona. Na tuzo ya Cleveland aliipata akiwa na kikosi kingine kabisa, ambacho hakijamzoea.

Tazama 2013 Boston. Lester na Lackey, wawili kati ya wale watatu wa kuku na bia, walichukua ubingwa chini ya John Farrell. Farrell ni nani? Ndiye aliyekuwa kocha wa warushaji wa Francona hadi 2010, kabla ya kwenda kuinoa Toronto. Yeye yupo, warushaji wanatulia. Kaondoka, mwaka uleule wanafungua makopo chumbani. Kwa hiyo watu hawa walikuwa wanashikika, mtoa mada, na katika ule msimu wa kwanza bila Farrell ilikuwa juu ya Francona kuwashika. Hilo nalo lilikuwa mkononi mwake, au kipimo chako kinahesabu mapumziko ya mkono tu?